Fomu za Udongo Wetu

Fomu zilikaa ndani ya sanduku langu la nguo kwa wiki tano. Kila mara bwana shamba wa mradi aliponipigia simu kuziulizia, nilimjibu kwamba wanachama hawajamaliza kutia saini. Nilikuwa namdanganya. Walimaliza siku ya tatu tu, wengine kwa kalamu na wengine kwa dole gumba. Aliyebaki bila kusaini nilikuwa mimi, katibu wao.

Miaka mingi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Songea mjini. Baba alipofariki nikaacha kazi, nikarudi Maposeni kumtunza mama na kulima shamba letu. Shamba lenyewe lina vipande viwili. Kimoja ni tambarare, nyuma tu ya nyumba, na kingine ni mteremko unaoshuka hadi kwenye kijito. Kijijini kwetu mtu aliyewahi kupiga chapa anahesabiwa kuwa amesoma sana, kwa hiyo kikundi cha wakulima kilipoundwa kwa ajili ya mradi hawakuniuliza kama nataka ukatibu. Walinikabidhi daftari, basi.

Mradi ulikuwa wa msaada wa nchi za nje. Aliyeuleta kwetu alikuwa kijana wa Singida, mpole, mwenye viatu vilivyochakaa kwa kutembea, na hilo la viatu lilinifanya nimpe nafasi kidogo moyoni. Katika mkutano wa kwanza hakutupigia kelele. Alisema mvua zimebadilika na sisi tunalijua hilo kuliko yeye. Alitutaka tusichome mabua baada ya mavuno, tuyaache yafunike ardhi kama matandazo. Tupande mbegu za muda mfupi, tuchanganye mahindi na mbaazi, na kwenye miteremko tuchimbe mashimo ya kushika maji. Hicho, alisema, ndicho kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi. Kisha akatundika ukutani picha kubwa ya mteremko uliojaa mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya nyuki.

Mama yangu, aliyekuwa ameketi nyuma na akina mama wenzake, akacheka kwa sauti.

"Hiyo si ngolo?" akauliza.

Mama ni Mmatengo wa Mbinga, baba ndiye aliyekuwa Mngoni. Kwao Mbinga wamelima ngolo tangu enzi za mababu. Unafyeka majani, unayalaza chini kwa mistari inayokatana, kisha unachimba udongo katikati na kuufukia juu ya majani, hadi mlima wote unabaki na mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Majani yakioza, yanakuwa mbolea.

"Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo," bwana shamba akajibu bila kuona haya. "Wataalamu wameona kwamba inafaa."

"Wameona lini? Mimi nimeichimba kabla sijaota meno ya ukubwani."

Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka nao. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani mama hakuwa na kicheko tena. Tulipofika kwenye mti wa mpera akasema, "Mtu anatoka Ulaya, anapanda ndege, anakodi gari, anakuja kunifundisha ngolo. Hakuja kwa ajili ya ngolo, mwanangu. Kuna kitu anakitaka."

Nilimwambia aache mambo yake. Ila maneno yale yaliniingia.

Tulilima hata hivyo. Mama alisimamia mteremko kama mnyapara, ananionyesha wapi nilaze majani na wapi nimekosea. Kwenye tambarare tuliacha mabua. Mwezi wa pili mvua ikakata, na haikurudi kwa karibu wiki tatu. Mahindi ya majirani yalijikunja majani kama ya vitunguu. Ya kwetu yalisinyaa mchana na kuamka jioni. Tulipovuna, sikuweza kusema mbinu zile ni uongo. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, na magunia yalikuwa ndani.

Baada ya mavuno ndipo wageni walipoanza kuja kwa wingi. Alikuja mzungu mmoja, mama wa makamo, akapiga magoti kwenye mteremko wetu na kuchomeka kidole kwenye udongo. Akaguna kwa furaha. Wakapiga picha. Kijana mwingine aliyekuja nao akazunguka mipaka ya shamba letu akiwa na kishikwambi mkononi, anasimama kila kona na kukibonyeza. Kisha wakachimba udongo sehemu mbalimbali kwa chombo kirefu cha chuma, wakautia kwenye mifuko midogo ya nailoni, wakaandika namba juu ya kila mfuko na kuondoka nayo.

Baba mdogo aliona yote hayo kutoka upande wa pili wa mpaka. Ni binamu wa marehemu baba, shamba lake limepakana na letu, na yeye alikataa kuingia kwenye kikundi tangu siku ya kwanza. Alikuwa na jembe lake begani na mbwa wake wawili, anatoka kuwinda panya kama afanyavyo kila kiangazi.

"Shikamoo, baba mdogo," nikamsalimia.

"Marahaba. Wamebeba udongo?"

"Wanakwenda kuupima."

"Kuupima nini? Namtumbo nako walianza kwa kubeba udongo hivyo hivyo kwenye mifuko. Baadaye tukasikia urani." Akatema mate pembeni. "Na Tunduru ikawa vito. Ninyi endeleeni kucheka nao."

Nilimwona mzee mwenye wivu, kwa sababu mahindi yake yalikuwa yameungua na jua. Lakini usiku nililala nikiihesabu ile mifuko. Kwa nini namba na si jina langu? Kwa nini walipima mipaka, kama walitaka udongo tu?

Wiki mbili baadaye bwana shamba akaleta fomu. Alisema mradi unaingia hatua ya pili na kila mwanachama asaini. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa za Kiswahili. Zilisema mkulima anakubali kuendelea na mbinu zile kwa miaka kumi, na kwamba taarifa za shamba lake zitatumiwa na wadau. Kurasa nne zilizofuata zilikuwa za Kiingereza. Mimi nimepiga chapa barua nyingi maishani mwangu, na ninajua kwamba tafsiri ya barua haipungui nusu nzima. Kama Kiswahili kina kurasa mbili na Kiingereza kina nne, kuna kitu kimebaki upande wa pili.

"Hizi za Kiingereza zinasema nini?" nilimuuliza.

"Ni hayo hayo, mama katibu. Kwa ajili ya wafadhili."

Hakunitazama aliposema hivyo. Alikuwa anafunga begi lake. Labda alikuwa anafunga begi tu, lakini mimi niliona kwamba hakunitazama.

Wanachama wakasaini kwa kuniamini mimi. Waliniuliza, "Katibu, umesoma?" nami nikasema nimesoma zile za Kiswahili, nao wakasikia nimesoma zote. Kisha nikazifungia sandukuni.

Wiki ya tatu nilipanda gari kwenda Songea nikiwa na fomu moja ndani ya khanga. Nina rafiki pale mjini, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba miaka mingi iliyopita na hakurudi tena kwao. Tulikaa sebuleni kwake. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akarudia, akafunua na zilizofuata hata chai yangu ikapoa.

"Hawachukui ardhi," akasema hatimaye. "Hilo nakuhakikishia, halimo."

"Sasa limo nini?"

"Hewa." Akavua miwani. "Wanasema ardhi isiyochomwa moto inashika hewa ukaa. Mabua yakibaki shambani, hewa hiyo inabaki ardhini. Wao wanaipima, na hesabu hiyo wanaweza kuwauzia wengine huko kwao wanaotoa moshi. Kampuni, nchi, sijui nani. Kukiwa na faida, mgawanyo utaamuliwa baadaye."

"Utaamuliwa na nani?"

Alitafuta tena kwa kidole, mstari kwa mstari. "Hapa hapasemi."

"Na mkulima akichoma mabua yake mwaka wa tano?"

"Wanasema 'hatua stahiki'. Mimi ni mwalimu wa lugha, dada. Maneno nayaelewa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini hawakuyaandika kwa Kiswahili."

Nilirudi Maposeni nikiwa na jibu lililokuwa baya kuliko swali. Kama ingekuwa ardhi, ningejua la kufanya, ningepiga kelele kijiji kizima kikasikia. Lakini hewa? Ningewaambiaje watu kwamba wamesaini hewa iliyomo kwenye udongo wao? Wangeniuliza kwa nini niliwaacha wasaini. Na wengine wangekimbiza mradi, mbegu zingekatika, na msimu ulikuwa unakaribia. Basi nikanyamaza.

Mama peke yake ndiye niliyemwambia, na hata yeye nilimwambia nusu. Alikuwa anachagua maharage, akaniuliza nimefuata nini mjini. Nikamjibu kwa kifupi, kwa kuchoka, "Wanahesabu mabua, mama. Mabua yakibaki shambani, shamba linaingia kwenye hesabu yao." Akanitazama. Sikuendelea. Nilikwenda kuoga.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mashineni nasaga mahindi nilipoona moshi upande wa kwetu. Kiangazi kwetu moshi si habari, watu wanachoma kila mahali. Lakini huu ulikuwa mweusi na wa karibu. Niliacha debe langu pale pale, nikakimbia.

Tambarare yote ilikuwa inaungua. Mabua tuliyoyalaza kwa mikono, majani tuliyoyakusanya tangu mwezi wa sita, yote yalikuwa yanawaka kwa mlio kama wa bisi. Hakukuwa na namna ya kuzima. Nilisimama pembeni nikifunika pua kwa khanga, na upande wa pili wa mpaka nikamwona baba mdogo. Alikuwa na jembe lake na mbwa wake, na kamba ya panya watatu imening'inia mkononi.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Wawindaji wa panya huchoma nyasi ili panya watoke. Na huyu alikuwa adui wa mradi tangu mwanzo. Mambo mawili yalijiunga kichwani mwangu kwa haraka ya ajabu, kama vile nilikuwa nimeyaweka tayari nikisubiri moto tu.

"Umefurahi sasa?" nilimpigia kelele. Sikumwamkia. Mtu wa rika la baba yangu, sikumwamkia.

"Nimefurahi nini?"

"Umetuchomea!"

Alinitazama, akatazama moto, kisha akatazama panya wake. "Mimi nimetokea huko kijitoni," akasema polepole. "Hawa nimewachimba. Tazama jembe lina matope."

Sikutazama jembe. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, nikaeleza niliyoyaona, pamoja na nisiyoyaona. Mtendaji akaandika kwenye daftari lake la malalamiko. Baba mdogo akaitwa siku ya pili. Alikana mara moja tu. Mtendaji alipomuuliza mara ya pili, alisema, "Kama binti wa kaka yangu ameniona, mimi niseme nini?" Akapewa onyo mbele ya watu, akaambiwa akirudia atapelekwa kata. Alitoka ofisini akiwa ameshika kofia yake mkononi, na wanawake waliokuwa nje wakampisha njia kama wanavyompisha mgonjwa.

Mama hakusema neno juu ya jambo hilo. Nilidhani ni huzuni ya shamba.

Zilipita siku kumi hivi. Tulikuwa jikoni, namenya mihogo, yeye amekaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Yule mzee hakuchoma," akasema.

"Mama, nilimkuta pale pale."

"Hakuchoma. Nimechoma mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kuniambia chumvi imekwisha. Alichukua kaa la moto jikoni kwenye kipande cha sufuria, akatembea hadi katikati ya shamba, akaliweka chini ya mabua. Halafu akarudi ndani, akajilaza, akanisikia nikipiga kelele.

"Kwa nini?"

"Uliniambia mwenyewe. Mabua yakibaki, shamba linaingia kwenye hesabu yao. Nikayatoa."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuelewa. Lakini alielewa alichoambiwa.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa," akaendelea. "Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule wa operesheni ya vijiji. Kwanza walikuja watu wapole, wana karatasi. Wanauliza majina, wanauliza shamba lina ukubwa gani, tuna watoto wangapi, tuna kuku wangapi. Tukawapikia. Baadaye likaja lori, tukahamishwa sote, na mahindi yetu yalikuwa yamebaki wiki mbili tu yavunwe. Tulikuja kupangwa hapa kwa mistari. Baba yako alirudi kule mara moja kuangalia, akakuta nyani wamemaliza kila kitu." Akasukuma kuni ndani. "Mimi siogopi mtu mkali. Namwogopa anayeandika."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile nilipokwenda kwa mtendaji.

"Niliona aibu," akasema. "Na niliogopa wataniandika."

Nilikasirika hadi nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikuta nashindwa kuendelea. Sanduku langu lilikuwa chumbani na fomu zote ndani yake. Tulikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, kila mmoja amemficha mwenzake jambo lake, na mzee wa watu amebeba lawama ya wote wawili.

Asubuhi tulikwenda kwa baba mdogo, mimi na mama. Alikuwa anatengeneza mpini wa shoka uani. Hakutukaribisha kukaa. Mama alisema mwenyewe, amesimama, bila kuzunguka. Nami nikapiga magoti nikaomba radhi.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaninyooshea mpini ule ambao haujakwisha. "Ulikuwa na macho. Jembe lilikuwa na matope. Nilikuambia utazame."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Uliandikisha mbele ya watu. Nenda kaseme mbele ya watu."

Niliitisha mkutano wa kikundi, nikamwomba mtendaji aje, nikamwita na bwana shamba. Ukumbi ulijaa hata wasio wanachama. Nilisema kwanza habari ya moto. Mama akasimama akasema ni yeye, na hakuna aliyecheka safari hii. Mtendaji alisema hawezi kuchana ukurasa wa daftari la serikali, ila akaandika chini ya lile lalamiko kwamba mzee hana kosa, akalisoma kwa sauti.

Kisha nikatoa fomu. Nikakiri kwamba nilizificha na kwa nini. Nikasoma zile kurasa nne kwa Kiswahili, kama rafiki yangu alivyonitafsiria na kuniandikia, neno kwa neno. Ukumbi ukalipuka. Mmoja alisema anajua tangu zamani kwamba kuna jambo. Mwingine alisema yeye hewa hajawahi kuitumia, wacha waichukue, walete mbegu tu. Kulikuwa na aliyeniita msaliti.

Nilimgeukia bwana shamba. "Wadau ni nani?"

Kijana wa watu alikuwa amelowa jasho. "Mama katibu, hilo nami nililiuliza ofisini," akasema. "Sijajibiwa."

"Sasa kwa nini uliniambia ni hayo hayo?"

"Niliambiwa niseme hivyo." Akatazama viatu vyake. "Ila matandazo ni ya kweli. Hilo sijawadanganya. Kwetu Singida baba yangu analima hivyo, hana mradi wala nini."

Nilimwamini kwa hilo la mwisho. Mengine sijui hadi leo kama alikuwa hajui au alikuwa anatimiza kazi yake.

Kila mtu alichukua fomu yake. Karibu nusu walizichana hapo hapo, wengine wakazikabidhi kwa bwana shamba zikiwa na saini, kwa hiari yao. Mimi sikusaini. Badala yake niliandika barua ya kikundi, nikaipiga chapa mwenyewe kwenye duka la steshenari mjini, yenye maswali matatu: wadau ni nani, faida itagawanywa na nani, na udongo wetu uko wapi. Bwana shamba aliipeleka. Najua aliipeleka kwa sababu alinitumia picha ya mhuri wa kupokelewa.

Jibu halikuja. Miezi michache baadaye alinipigia simu, sauti yake iko chini. Fedha za wafadhili zimesitishwa huko kwao, mradi umefungwa, na yeye amekwisha kurudi Singida. Nikamuuliza kuhusu waliokabidhi fomu zao. Hajui. Nikamuuliza kuhusu ile mifuko ya udongo. Akasema ilikwenda maabara, baada ya hapo hajui.

"Na ile ramani kwenye kishikwambi?"

"Vishikwambi tulirudisha, mama katibu."

Msimu uliofuata mimi na mama tulichimba tena ngolo kwenye mteremko, na kwenye tambarare nikaacha mabua. Mama aliyatazama, akatikisa kichwa, lakini hakuyachoma. Baba mdogo alichoma ya kwake kama kawaida, mchana kweupe, baada ya kuzungusha njia pana ya kuzuia moto upande wa kwetu na kumwita mtendaji aje aione. Mimi nikimwamkia, anaitikia marahaba na kupita. Mama anasimama naye mpakani, wanaongea hata nusu saa, habari za maharage na za watu waliokufa. Nikisogea wananyamaza.

Juzi mtu mmoja wa kijijini alileta habari kwamba amewaona vijana wawili huko chini kijitoni wakipima pima. Niliacha jembe nikaenda kuwatafuta. Sikuwakuta. Nilikuta nyayo tu kwenye matope, na sikuweza kujua kama ni za wapimaji au za watu waliofuata maji.